Kadi ya grafiki na hela ya tangawizi

Jamani nimepotea. Wiki tatu sijaandika kitu hapa, na wawili watatu kati yenu mmeniuliza kama gazeti limenihamisha kutoka Same. Halijanihamisha. Nilikuwa na aibu tu, na aibu yenyewe imeletwa na kompyuta.

Wanaonitembelea wanaijua mashine yangu. Dell OptiPlex 7010, ile ndefu ya kusimama, toleo la mwaka 2012, prosesa i5-3470, RAM GB 8. Niliinunua mtumba nikiwa chuo. Mchana inaandika habari, usiku inacheza mpira. Shida ni grafiki. Inategemea ile iliyomo ndani ya prosesa, Intel HD 2500, na hata PES 2017 ukiishusha ubora mpaka mwisho, ukipiga krosi mpira unafika kwa awamu kama malipo ya sisi waandishi wa mikoani.

Mngeniuliza kwa nini nisivumilie. Sababu ni mdogo wangu. Anaishi juu Mamba Miamba na mama, na tangu baba afariki amekuwa mtu wa maneno machache sana. Akishuka mjini nikimuuliza habari za nyumbani anajibu "nzuri", basi, imeisha. Lakini mpe padi mkononi, ndani ya dakika kumi anaanza kuongea mwenyewe: shamba, presha ya mama, veta anayotaka kusoma. Macho yako kwenye kioo, mdomo unafunguka. Mpira ukianza kukwama naye ananyamaza.

Kwa hiyo tukakubaliana tununue kadi ya grafiki. Yeye akatoa 90,000, hela ya kubeba tangawizi za watu kichwani kutoka shambani hadi barabarani. Mimi nikatoa 130,000. (Najua mtasema Mpare ametoa 130,000 kwa ajili ya gemu? Ametoa. Andikeni tarehe.)

Nikaenda Dar kwa semina ya siku mbili, nikaingia duka moja, nikaomba GTX 1050 Ti kwa sababu ndilo jina nililolisoma kila mahali. Ilitoka mwaka 2016, ina GB 4, inakula wati 75 tu. Niliyopewa ilikuwa mpya inang'aa, tena ina tundu la VGA, nami kioo changu ni cha zamani cha VGA. Nikafurahi. Nikalipa 220,000 yote, nikapanda basi.

Kufika Same, kompyuta ikaisoma vizuri: GTX 1050 Ti. Nikaweka draiva ya NVIDIA, ikakataa. Nikafungua gemu, dakika tatu, kioo cheusi. Nikashusha kijiprogramu kinaitwa GPU-Z, ambacho tangu mwaka 2018 kinatambua kadi za kughushi. Kikaandika wazi mbele ya jina kwamba ni feki. Ni chipu ya zamani iliyoandikwa jina jipya ndani. Na lile tundu la VGA lililonifurahisha ndilo lingenishtua mapema, maana chipu halisi ya 1050 Ti haitoi VGA kabisa. Nikapiga simu dukani, wakasema kitu kikishatoka hakirudi.

Mimi ambaye kazi yangu ni kuhakiki! Diwani akiniambia kisima kimekamilika naenda kukiona, nafungua bomba kwa mkono wangu. Hela ya mdogo wangu nikaitoa kwa kusoma kibandiko.

Kibaya zaidi, akanipigia kuuliza, nikamwambia "bado iko njiani". Wiki tatu iko njiani. Ndiyo maana mkaona kimya.

Safari ya pili nilianzia mahali nilipopaswa kuanzia, yaani kufungua boksi. Pawa saplai imeandikwa wati 275, haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Maana yake kadi lazima iishi kwa umeme wa tundu la mazabodi peke yake, ambao mwisho wake ni wati 75. Prosesa inakula 77, vingine tuseme 50. Hesabu inatosha, ila haina nafasi ya ujeuri, hasa kwa joto na vumbi la Same.

Nikaorodhesha zisizohitaji waya. RTX 3050 ya GB 6, ya mwaka 2024, wati 70: tamu, lakini bei yake inapita thamani ya kompyuta nzima, na prosesa yangu haitaweza kuilisha. Wapare wenzangu wataelewa. Ndiva hujazwa usiku, asubuhi hufunguliwa maji yakaenda mashambani. Hata iwe kubwa namna gani, mfereji ukiwa mwembamba shamba la mwisho halilowi. RX 6400 ya mwaka 2022 imebanwa njia nne tu za data, kwenye mazabodi ya zamani inapoteza nguvu. GT 1030 inakula wati 30, lakini ziko mbili zenye jina moja: ya GDDR5 na ya DDR4, na ya pili kumbukumbu yake ina kasi kama theluthi tu ya mwenzake. Mwisho nikabaki na GTX 750 Ti ya mwaka 2014. Wati 60, GB 2, na nyingi zinakubali VGA. Ni mzee, na draiva zake mpya za magemu zilikoma mwaka 2025, lakini PES 2017 nayo si kijana.

Nikaipata mtumba kwa fundi mmoja Moshi, 120,000. Safari hii nilibeba kompyuta yangu kwenye basi kama mgonjwa. Fundi akaichomeka, GPU-Z ikasema ni halisi, tukacheza nusu saa, ndipo nikatoa hela.

Jumamosi nikapanda Mamba, nikamweleza mdogo wangu yote mbele ya mama. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kaka, tangawizi tunaipima kwenye mizani ndiyo hela itoke. Wewe ulipima nini?"

Sikuwa na jibu. Nimemwahidi 90,000 yake kwa miezi miwili, na ya kwanza 45,000 nimeshamtumia. Jana ameshuka. Amenifunga nne moja bila mpira kukwama hata mara moja, na katikati ya kipindi cha pili, bila kunitazama, akasema hakuuliza kadi kwa sababu ya gemu. Alikuwa anauliza ili nimpigie.

Alamsiki.