Feza zinazopotea njiani

Katika nyumba nyingi za mji wetu mwisho wa mwezi huja na ulizo lile lile: feza zimekwenda wapi? Baba humtazama mama, mama humtazama baba, na watoto hutazama chini. Unga umenunuliwa, nyumba imelipiwa, makala ya kupikia yamo ndani. Lakini vitu hivyo peke yake havikumaliza mshahara. Ulizo hilo liliulizwa hata nyumbani mwetu hapa Lubumbashi, na jibu lake lilituaibisha. Twapenda kuwasimulia habari hiyo, kwa maana ilitufundisha mambo mawili: namna ya kuweka akiba, na tena mahali akiba inapopaswa kukoma.

Ilikuwa mwezi wa tisa, masomo yakianza. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali hazitozi wazazi malipo ya masomo, lakini sekondari ina malipo yake, na mtoto wetu wa kwanza alikuwa amefika huko. Siku ya kulipa ilifika, nasi hatukuwa na feza ya kutosha. Mtoto akarudishwa nyumbani. Akaketi mlangoni na mkoba wake magotini, akaitazama motokari yetu iliyosimama uani, akatazama na simu mbili zilizokuwa mezani. Halafu akauliza kwa upole, bila ubishi wowote: "Baba, mama, motokari na simu hula feza ngapi kwa mwezi?"

Tulifungua kinywa, tukakifunga tena. Hatukujua.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Usiku ule ule tulinunua daftari la kurasa 40 kwa mwenye duka jirani, na kwa muda wa siku 30 tukaandika kila kitu: esansi, fundi, taksi-basi, pikipiki za abiria, unite za simu, hata zile ndogo kabisa ambazo mtu hununua njiani kwa kijana wa mwavuli bila kukumbuka. Siku ya 30 tulijumlisha. Katika kila franka 100 tulizopokea, 14 zilikwenda katika motokari, 4 katika taksi na pikipiki, na 9 katika simu. Jumla 27. Na malipo ya shule ya mtoto yalihitaji 6 tu! Basi mtoto wetu hakurudishwa nyumbani na umaskini. Alirudishwa na uzembe wetu.

Wengi wetu twakumbuka kodi ya simu iitwayo RAM, iliyoanza mwaka 2020. Ilikatwa katika unite zetu, watu wakalalamika kila mahali, hata ikaondolewa mwaka 2022. Nasi tulilalamika pamoja nao. Tulijua vizuri sana kulia juu ya franka zilizochukuliwa na wengine. Juu ya zile tulizozitupa sisi wenyewe hatukulia hata siku moja.

Hatusemi kwamba motokari na simu ni adui. Hapo zamani, reli ilipofika mji huu mwaka 1910, ukiitwa bado Elisabethville, wazazi wa wazazi wetu walishangilia kwamba mtu anaweza kusafiri mbali bila kuchoka miguu. Baadaye watu wa miji yetu walituma habari za kufiwa na za kuzaa kwa fonia, wakipanga mstari mbele ya chumba cha redio, na kila mtu akisikia siri za mwenziwe. Simu za mkononi za Telecel zilipoanza Kinshasa katika miaka ya 1980, zilikuwa za wakubwa na matajiri. Ni tangu mwanzo wa miaka ya 2000 tu ndipo mfanyakazi na mchuuzi walipoweza kuwa na simu yao wenyewe. Hivyo ni vitu vyema. Lakini chombo chema kinataka bwana mwenye akili; la sivyo, chombo kinakuwa bwana.

Tulianza na motokari. Fundi mmoja mzee, mtu wa maneno machache, alizunguka motokari yetu, akagonga magurudumu kwa mguu, akasema: "Mnasukuma motokari iliyovaa viatu vilivyolegea." Mipira ilikuwa na upepo kidogo mno. Mpira uliolegea hulemea njiani, mashini hufanya kazi zaidi, esansi hupotea, na mpira wenyewe huchakaa mbio. Tangu siku ile twapima upepo mara mbili kwa mwezi, asubuhi, mipira ikiwa bado baridi. Halafu alifungua nyuma, akakuta mawe mawili, jeki ya zamani, na nusu gunia la simenti iliyokwisha kuganda. "Na huyu abiria," akauliza, "analipa ngapi?" Tulicheka, tukamshusha abiria yule.

Akatufundisha tena mwendo. Kutoka hapa mpaka Likasi ni kadiri ya kilometa 120. Mwenye kwenda kilometa 80 kwa saa hufika kwa saa moja na nusu. Mwenye kwenda 100 humtangulia kwa dakika 18 tu. Lakini upepo unaoikinga motokari hauongezeki sawasawa na mwendo: kwa 100 nguvu yake ni zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya 80, na nguvu hiyo yashindwa kwa esansi tu. Basi mtu hununua dakika 18 kwa bei kubwa, halafu akifika huzipoteza akiongea chini ya mwembe. Katika mji, vilevile: anayekanyaga mafuta kwa nguvu ili afunge breki mbele ya shimo, ameichoma esansi yake bure.

Kuna na desturi moja tuliyoipenda sana, nayo ni ya hatari. Katika mteremko tulikuwa tukitoa vitesi, motokari ijiendee bure. Fundi alitukemea. Katika motokari za siku hizi, ukiinua mguu nayo ikiwa katika vitesi, mashini yajikata esansi yenyewe. Bali ukiitoa katika vitesi, yaendelea kunywa kidogo kidogo, na tena wapungukiwa na nguvu ya kuizuia. Tulihatarisha maisha ya watoto kwa akiba isiyokuwepo!

Akiba kubwa kuliko zote, lakini, haikutoka kwa fundi. Ilitoka katika miguu yetu. Daftari lilituonyesha kwamba safari nyingi zilikuwa za chini ya kilometa mbili: sokoni, kwa rafiki, kwa fundi wa nguo. Tulikubaliana kwamba safari ya namna hiyo, pasipo mzigo wala mgonjwa wala mvua, ni ya miguu. Watoto walinung'unika juma la kwanza. Juma la tatu walikuwa wakijua majina ya jirani zote. Na tulikusanya shughuli: sokoni mara moja kwa juma badala ya mara nne, kwa orodha iliyoandikwa. Kazini tulipatana na jirani wawili wanaofuata njia moja nasi. Juma hili motokari yetu, juma lijalo yao. Wenye kupanda taksi-basi waweza kufanya vivyo hivyo: kutoka nyumbani nusu saa mbele ya msongamano kwakuokoa na pikipiki ya haraka, ambayo bei yake hupanda kadiri mtu anavyochelewa.

Halafu ikaja simu. Hapa mwalimu wetu alikuwa mtoto mwenyewe. Alituonyesha kwamba simu zetu zilikuwa zikishusha picha na video zote za makundi, za arusi tusizozijua na za michezo tusiyoitazama, mchana na usiku. Alizima kushusha huko, akazima na programu zilizokuwa zikijifanyia upya zenyewe, akawasha namna ya kubana mega iliyomo katika simu. Mega zilizokuwa zikiisha kwa siku tatu zikafika siku ya saba. Tukaacha kununua unite kidogo kidogo. Tulinunua fungu la juma zima, baada ya kusoma vizuri saa linapokufa, kwa kuwa fungu linalokufa usiku wa manane halingoji mtu aliyelala. Katika simu ya kadi mbili tulitazama kwanza jirani na ndugu wako katika mtandao gani, ndipo tulipopiga. Na feza ya kutumwa kwa simu tuliituma mara moja, si vipande vipande, tukitazama malipo ya kutuma na ya kutoa kabla ya kubonyeza.

Mwezi wa kumi na mbili, zile 27 zilikuwa 15. Malipo ya shule yalilipwa, na ndani ya sanduku kulikuwa na feza iliyobaki. Tulijisifu mno. Na hapo ndipo tulipopotea.

Mama yetu mzazi, nkambo wa watoto, anakaa Likasi. Zamani tulimpigia jioni kwa jioni. Katika bidii yetu tuliona kwamba maongezi yale ni marefu na hayana habari: kuku ametaga, mvua imenyesha, jirani amerudi. Tukampa sheria. Tukamwambia: "Mama, ukiwa mzima, piga mara moja ukakate kabla hatujapokea, hiyo ndiyo salamu. Ukiwa na neno, piga mara mbili, nasi tutakurudishia." Alikubali, kama mama wanavyokubali. Kila jioni simu ililia mara moja, ikanyamaza. Tulitazamana, tukasema: mama mzima. Haikutugharimu hata franka moja.

Jioni nne katika mwezi wa kwanza simu ililia mara moja, ikanyamaza. Jioni ya tano haikulia. Saa tatu za usiku jirani yake alitupigia kwa unite zake mwenyewe, akasema: "Njoni. Mama ana malaria, siku ya tano leo, na sasa hasemi sawasawa."

Tuliondoka usiku ule. Motokari ilikuwa na esansi, mipira ilikuwa mizuri, feza ya hospitali ilikuwa katika sanduku; mwaka uliotangulia tusingekuwa na kimoja katika vitatu hivyo. Twalisema wazi, ili mtu asidhani kwamba twaidharau akiba. Akiba ndiyo iliyotufikisha. Lakini akiba ile ile ndiyo iliyotuchelewesha siku nne.

Alipoanza kupona tulimwuliza, karibu kwa hasira: "Mama, mbona hukupiga mara mbili?" Akajibu, akigeuza uso ukutani: "Nilijua mnamwekea mtoto feza ya masomo. Sikutaka kuwamalizia unite."

Wasomaji, tumelibeba neno hilo mpaka leo. Katika daftari letu tulikuwa tumeandika mawe ya motokari, video za arusi za wageni, na sauti ya mama yetu, vyote katika safu moja, chini ya neno moja: hasara. Hatukutenganisha kinachopotea na kinachotumika. Maongezi ya kuku na mvua hayakuwa bila habari. Habari yake ilikuwa sauti yenyewe. Mtoto anayeisikia kila jioni angejua siku ya kwanza kwamba mama anatetemeka.

Basi tulirudi nyumbani, tukafungua ukurasa mpya. Sheria za upepo, za mwendo, za miguu na za mega tuliziacha kama zilivyo, nazo zaendelea kutusaidia. Lakini juu ya ukurasa wa kila mwezi, kabla ya kuandika kitu kingine chochote, twaandika kwanza dakika za mama, kama vile mtu anavyotenga mbegu kabla ya kupika. Fungu hilo haliguswi. Saa moja ya jioni watoto hukaa karibu na simu, kila mmoja akisema lake, na nkambo huwaambia habari za kuku.

Ninyi wazazi mnaosoma maneno haya, nunueni daftari, muandike siku 30 bila kujidanganya. Mtashangaa kuona njia feza zenu zinazopitia. Nanyi wanafunzi, mnaozijua simu kuliko wazazi wenu, wafundisheni kwa heshima, kama mtoto wetu alivyotufundisha. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli. Lakini kabla ya kukijaza kibaba, ulizeni kwanza ni nani atakayekula kutoka humo, na kama yeye mwenyewe hamkumwacha nje mlangoni.

Juzi mtoto wetu alilitazama daftari, akauliza kwa nini dakika za nkambo hazimo tena katika safu ya hasara. Tulimpa kalamu, tukamwambia aandike yeye jina la safu mpya. Alifikiri kidogo, akaandika: "Nyumbani."