Maji ya Lowa

Tukiwauliza walimu wanafunzi watutajie mito ya Afrika, Naili hutangulia, na Zambezi haikawii kufuata. Lowa hautajwi, hata na wale waliokulia kandokando yake na kuoga humo. Hatuwashangai. Katika ramani za shule mto huo ni mstari mwembamba usio na jina.

Na bado mji mdogo wa Walikale umekaa pale ulipo kwa sababu ya mto huo. Masisi ni nchi ya vilima vinavyopita mita 2,000, nchi ya ng'ombe, maharagwe na viazi. Walikale iko chini, ndani ya msitu, kwenye mawese, mpunga na samaki. Mvua inyeshayo kwenye miteremko ya magharibi ya Masisi hushuka msituni na kuingia katika Lowa, nao huenda kumwaga maji yake katika Lualaba. Inayonyesha upande wa Sake huingia Ziwa Kivu, ikapita Ruzizi hadi Tanganyika, kisha ikatoka kwa mto Lukuga na kuingia Lualaba huo huo. Matone mawili yaliyoachana kileleni hukutana tena baada ya safari ndefu, huku maji ya majirani zetu wa Rutshuru yakishika njia ya Naili.

Wanyanga wa Walikale waliujua mto kabla ya ramani. Mwaka 1956 Candi Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo, nao ukachapishwa mwaka 1969 kwa kazi ya Biebuyck na Kahombo Mateene. Shemwindo alitaka mabinti tu. Alipozaliwa mwana wa kiume, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ngoma ile haikuchukuliwa na mkondo. Ilifika kwa shangazi yake Iyangura. Baadaye Mwindo alimsaka baba yake hadi kuzimu, lakini hakumwua. Alimrudisha nyumbani, wakagawana utawala. Kwetu sisi, hapo ndipo penye uzito wa utendi huo, kuliko katika miujiza yake yote.

Kugawana ndiko kulikotushinda. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilianza kuhamishia Gishari, huko Masisi, familia kutoka Rwanda, bila kumaliza swali la nani mwenye ardhi na nani mwenye neno juu yake. Swali hilo lilirithiwa na watoto na wajukuu, Wahunde, Wahutu na Watutsi, pamoja na majirani wao Wanyanga. Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, wilayani Walikale. Sokoni, yaani mahali ambapo maharagwe ya juu hukutana na mawese ya chini! Vita vikapanda vilima hadi Masisi.

Kisha yakaja madini. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, bati la Bisie lilitolewa msituni migongoni mwa wapagazi, na ndege zikalipakia Kilambo, zikitua juu ya barabara ya lami. Watu wakaanza kuhesabu utajiri wa Walikale kwa kilo. Vijana wengi walishuka mashimoni kabla ya kumaliza shule. Baadhi yao hawakupanda tena.

Siku hizi tunawapa walimu wanafunzi zoezi moja. Chora njia ya maji kutoka kilima cha nyumbani kwenu hadi Lualaba, ukiandika jina la kila kijito na kila kijiji. Wa Masisi huandika haraka, kisha hukwama msitu unapoanza. Wa Walikale huanzia Lualaba, hupanda vizuri hadi chini ya vilima, naye hukwama. Hatuwapi majibu. Kinachosikika darasani baada ya hapo ni sauti za viti vikisogezwa, na mtu akimwuliza mwenzake jina la kijito.