Karamu ya Ploti

Dallas hii si ile ya Texas. Ni mtaa wetu hapa Embu, na uani kwetu ni ile nafasi kati ya mfereji na kamba za nguo. Mtoto wa ploti akifuzu, kamba zinafunguliwa, tenti inasimama.

Hapa huji mikono mitupu. Huyu analeta sufuria, yule viti, mwingine viazi. Vijana wanachoma mbuzi, akina mama wanaponda mukimo kwa zamu. Wazee wakibahatika wanapata muratina, pombe inayochachushwa kwa tunda la mwegea lililokaushwa. Mchango wa pesa unaandikwa kwenye kitabu, maana kesho ni zamu yako.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliposhinda nyumbani. Tenti yangu haitasimama. Lakini kila karamu lazima nigongewe mlango: "Wewe unajua kuandika, tuandikie hotuba ya mtoto." Nimeandika nyingi, kwa Kiingereza kizito. Elimu ni ufunguo, asanteni wazazi, Mungu ni mwema. Jina tu ndilo hubadilika.

Mwaka 1963, Mcheki Václav Havel alitoa tamthilia iitwayo Zahradní slavnost, yaani karamu ya bustani. Kijana Hugo anatumwa na wazazi akakutane na mkubwa wa kumsaidia. Anaishia kwenye karamu ya ofisi ya serikali, anashika lugha ya wakubwa, anapanda cheo chapchap. Akirudi nyumbani, wazazi hawamtambui. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Lugha ya Hugo ndiyo naiuza hapa Dallas.

Mwezi jana mama wa mboga alisikiliza hotuba moja hadi mwisho, akaniambia, "Ni nzuri, kijana wangu. Lakini mimi siko ndani." Miaka minne alikuwa amempa yule mtoto sukuma kwa deni.

Iliyofuata niliiandika kwa Kiembu na Kiswahili. Nilianza kwa kuuliza: nani alikukopesha nauli? Nani alikulindia mlango? Wote wakatajwa. Wengine walicheka, wengine wakainama. Mama wa mboga alipiga vigelegele.

Baadaye nilitoa mia mbili zangu, jina likaandikwa. Kitabu kile kina sehemu mbili tu: jina na ulicholeta.