Pelele wa Mlima Kenya



Mwaka jana nilipanda Mlima Kenya na vijana wetu kwa njia ya Sirimon. Wengi mliona picha, nikitabasamu. Hamkujua kwamba nilikuwa na mkopo niliouchukua kwa jina langu, wa mabati ya kanisa, na hata mama watoto sikuwa nimemwambia.

Usiku wa Shipton's Camp, karibu mita 4,200, sikulala. Baridi ilikuwa kali, lakini si baridi iliyoninyima usingizi. Kulipokucha nikatoka nje, nikakuta wanyama wadogo wamejaa juu ya mawe. Kijana mmoja akapiga kelele, "Pasta, panya wakubwa!" Kiongozi wetu wa safari akacheka. Akasema hao ni pelele, na jamaa yao wa karibu si panya, ni ndovu. (Nimesoma chuo cha Biblia, nimehubiri Mithali 30 mara ngapi sijui, na sikujua wibari wa Aguri ndiye huyu!)

Pelele ana kama kilo nne tu. Nyayo zake ni laini kama mpira na hutoa jasho, ndiyo maana hatelezi kwenye jabali. Akiona tai, hupiga mlio na wenzake wote huingia kwenye nyufa. Lakini mwili wake haushikilii joto vizuri. Kwa hivyo usiku hulala wamerundikana, huyu akimpasha moto yule, na asubuhi hutoka kuota jua kwanza ndipo waende kula.

Mimi siku zote nilihubiri mwamba peke yake, kwamba Yesu ndiye mwamba. Amina, ni kweli. Lile rundo nililiruka. Pale mbele yangu walikuwa wamebanana, watoto wamepanda migongoni mwa mama zao, nami nimelala baridi miezi minane katika kitanda kimoja na mke wangu.

Tuliposhuka hadi langoni na mtandao ukarudi, vijana walianza kutuma picha. Mimi nikampigia mama watoto. Alinyamaza sana. Kisha akauliza, "Ni pesa ngapi?" Jumapili iliyofuata nikawaambia wazee wa kanisa. Mmoja alikasirika, na alikuwa na haki.

Mkopo bado tunaulipa. Salio limebandikwa kwenye ubao wa matangazo, pale mlangoni.