Antonio na Jembe Lake



Kila ifikapo tarehe 31 Januari, Mama Kanisa anapomkumbuka Mtakatifu Yohane Bosco, masimulizi ya utoto wake hurudi mimbarani, na pamoja nayo hurudi mtu mmoja ambaye, kwa maoni yetu, hatendewi haki. Mtu huyo ni Antonio, kaka yake wa baba mmoja. Wahubiri humchora kama Kaini: kijana mwenye hasira, adui wa vitabu, ambaye kwa ukali wake mdogo wake alilazimika kuihama nyumba ya mama. Hasira hizo zilikuwapo, wala hatuna nia ya kuzifuta. Lakini mara chache sana tunaambiwa zilikuwa hasira za mwezi gani. Anayetaka kumwelewa Antonio hana budi kwanza kulielewa shamba.

Shamba lenyewe lilikuwa Becchi, kitongoji cha nyumba chache juu ya vilima vya Piemonte, kaskazini magharibi ya Italia, mwendo wa kilomita kama 30 kutoka mji wa Torino. Leo mahali hapo pamejengwa basilika kubwa, na mahujaji hufika kwa mabasi; lakini nyumba ndogo ya familia ingali imesimama kando yake, na udogo wake huwashangaza wengi. Hapo ndipo Margherita Occhiena aliposhika uongozi wa jamaa baada ya mumewe, Francesco Bosco, kufariki kwa homa ya mapafu mwezi Mei 1817. Aliachiwa mama mkwe mzee, vipande vya shamba na mizabibu, ng'ombe, na watoto watatu wa kiume. Giovanni, ambaye sisi tunamwita Yohane, hakuwa bado ametimiza miaka miwili. Giuseppe alikuwa na minne. Antonio, mtoto wa mke wa kwanza wa Francesco, alikuwa na tisa. Mama yake mzazi alikuwa amekwisha kufa, na sasa baba naye alikuwa kaburini. Tukumbuke umri huo: miaka tisa, yatima wa pande zote mbili, na mwanamume mkubwa kuliko wote katika nyumba.

Msiba huo uliangukia katika mwaka wa njaa. Sababu yake, ambayo hakuna mtu wa Becchi aliyeweza kuijua, ilikuwa mlima Tambora huko Indonesia, uliolipuka mwezi Aprili 1815, miezi minne kabla ya Giovanni kuzaliwa. Vumbi na moshi wake vilipanda angani vikaufifisha mwanga wa jua, na mwaka 1816 sehemu kubwa ya Ulaya haikupata kiangazi cha kuivisha nafaka. Katika kumbukumbu alizoandika mwenyewe kati ya mwaka 1873 na 1875, Don Bosco anasimulia kwamba watu walikutwa wamekufa mashambani, midomo yao imejaa majani. Margherita alimtuma jirani aende masokoni kutafuta chakula kwa bei yoyote. Jirani akarudi mikono mitupu. Ndipo mama huyo alipopiga magoti na watoto wake, kisha akaingia zizini pamoja na jirani huyo, wakachinja ndama, na usiku huo watoto wakala nyama.

Wakulima wanaotusoma hawahitaji kufafanuliwa maana ya kuchinja ndama. Ndama ni mbolea ya mwaka ujao, ni jembe la kukokotwa la miaka ijayo, ni fedha ya kodi. Mtoto wa miaka tisa aliyeona ndama akichinjwa kwa sababu ghala ni tupu hasahau. Wadogo zake wawili walikuwa bado hawana akili ya kulikumbuka tukio hilo vizuri. Yeye alikuwa nayo.

Sasa tuitazame kalenda yao. Mwaka wa mkulima wa Piemonte ulimalizika siku ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba. Wakati huo ngano mpya ilikuwa imekwisha kupandwa, divai iko kwenye mapipa, na mikataba ya mashamba ya kupanga ikimalizika. Familia zilizokosa mkataba mpya zilionekana barabarani na magodoro yao juu ya mikokoteni. Kisha theluji ilianguka, na kazi za nje zikapungua. Watu walichonga mipini, walitengeneza vikapu, walipasua kuni. Usiku majirani walikusanyika zizini, si sebuleni, kwa kuwa kuni zilikuwa haba na joto la ng'ombe halilipiwi. Wanawake walisokota nyuzi, wanaume walizungumza habari za bei na magonjwa ya mifugo.

Nyuzi hizo zilitokana na mmea ambao huenda ukawashtua baadhi yetu, kwa sababu ni wa jamii moja na bangi. Wao waliulima kwa ajili ya maganda yake tu, wakayaloweka majini, wakayachambua, wakafuma shuka na kusuka kamba. Inasimuliwa kwamba Giovanni alipokuwa na miaka minne, kazi yake ya kwanza ilikuwa hiyo, kuchambua mabua machache kila siku. Baadaye aliongezewa kuchota maji, kuokota kuni, kuwachunga bata mzinga, na hatimaye kuwapeleka ng'ombe malishoni.

Mwezi Februari na Machi mizabibu ilipogolewa na kufungwa upya kwenye miti yake, matawi yakikusanywa hadi la mwisho kwa ajili ya moto. Baada ya hapo hapakuwa na pumziko. Udongo ulipalizwa kwa jembe la mkono, mahindi yakapandwa. Mwezi Mei, katika mashamba mengi ya Piemonte, viwavi wa hariri walikuwa ndani ya nyumba, wakala majani ya miforsadi usiku na mchana. Kwa muda wa mwezi mmoja walidai kulishwa kuliko mtoto mchanga, na siku za mwisho kabla ya kujifunga katika vifukofuko vyao watu hawakulala. Fedha taslimu ya mwaka mara nyingi ilitoka hapo. Wakati huohuo majani ya mifugo yalipaswa kukatwa na kukaushwa kabla mvua haijayaozesha. Juni mahindi yanapaliliwa, Juni hiyohiyo ngano inaanza kuiva, nayo ikatwe kwa mundu, ifungwe matita, ipurwe. Mvua moja ya mawe ingeweza kumaliza mizabibu yote kwa robo saa. Septemba na Oktoba zabibu zilichumwa na kukanyagwa, mahindi yakavunwa, na jembe likarudi tena udongoni kwa ajili ya ngano.

Chakula chao cha kila siku kilikuwa polenta, ambayo kila mmoja wetu angeiita ugali bila kusita. Katika nyumba za maskini zaidi wa Italia ya kaskazini uliliwa karibu bila kitoweo, mwaka mzima, na kwa sababu hiyo ugonjwa wa pelagra uliwaunguza ngozi na kuwavuruga akili watu wengi katika karne hiyo.

Katika kalenda hii kitabu kilikuwa na nafasi yake. Shule za vijijini zilifunguliwa mwanzoni mwa Novemba na kufungwa mwezi Machi. Giovanni alijifunza kusoma katika shule ya Capriglio, kwa padre Lacqua, wakati wa baridi. Na tena, katika mikusanyiko ile ya zizini, majirani walimtaka yeye awasomee na kuwasimulia visa vya mashujaa wa kale wa Ufaransa. Alisimama juu ya benchi ili wote wamwone na kumsikia. Shamba, basi, halikukikataa kitabu. Lilikipokea Desemba, pamoja na kazi ya kusokota nyuzi.

Ugomvi ulianza pale kitabu kilipokataa kuondoka Machi. Giovanni alikwenda nacho shambani, akasoma njiani, akasoma wenzake walipopumzika. Antonio, ambaye kufikia mwaka 1828 alikuwa kijana wa miaka 20 na mkono wa kwanza wa nyumba, alisema amekua na kupata nguvu bila kuona sarufi yoyote. Mdogo wake akamjibu kwamba hata punda wao ni mnene na hajawahi kuingia shuleni. Jibu hilo huwachekesha waamini kanisani. Sisi tunadhani kaka aliyetoka kulima tangu alfajiri alikuwa na haki ya kutolicheka. Anayeandika kumbukumbu anakiri kwamba aliokolewa na miguu yake tu.

Mwezi Februari 1828, katikati ya baridi, Margherita alimtoa Giovanni nyumbani ili amani irudi. Mtoto wa miaka 12 akaenda kuwa kijana wa zizi katika shamba la familia ya Moglia, karibu na Moncucco, na huko akahudumia ng'ombe na mizabibu ya watu wengine hadi Novemba 1829, mjomba wake alipomrudisha. Hapa hatuwezi kumtetea Antonio, kwa kuwa mkono wa mtoto ukiondoka kwa ukali hautarudi kwa furaha.

Lakini soma kinachofuata. Giovanni alianza kujifunza Kilatini kwa padre mzee Calosso wa Morialdo. Yeye mwenyewe anaandika kwamba majira yote ya baridi, kazi zilipokuwa chache, Antonio alimwachia nafasi. Majira ya kuchipua yalipowadia ndipo kaka alipoanza kunung'unika kwamba yeye anachoka kwa kazi nzito huku mwingine akijifanya bwana mdogo. Wakapatana: masomo asubuhi na mapema, siku iliyobaki shambani. Huyo si adui wa vitabu. Ni mtu aliyehesabu mikono iliyopo na mistari ya mizabibu isiyopaliliwa, akaona hesabu haitoshi.

Tunalisema hili kwa sababu katika parokia za vijijini tunawasikia wazazi wakiitwa wajinga, na pengine sisi mapadre tukishiriki katika wito huo, kwa kuwa watoto wao hawaonekani madarasani mvua zinaponyesha. Muhula wetu wa kwanza hufunguliwa Januari, wakati palizi ya mahindi imepamba moto katika mikoa ya kusini mwa nchi yetu. Serikali ya wafalme kule Piemonte, pamoja na mapungufu yake yote, ilijua angalau kuifunga shule jembe lilipoita. Hatupendekezi turudi huko. Miezi mitano ya shule kwa mwaka haimtoshi mtoto yeyote. Lakini kabla hatujamkaripia mzazi, ingefaa tumwulize ana mikono mingapi nyumbani na ekari ngapi zimekwisha kumezwa na magugu.

Padre Calosso alifariki Novemba 1830. Muda si mrefu familia ikagawana mali, na Antonio akaoa mwaka 1831. Alibaki Becchi na sehemu yake, akalima hadi alipofariki mwaka 1849. Giuseppe alichukua shamba jingine kwa mkataba wa kugawana mavuno nusu kwa nusu na mwenye ardhi. Giovanni akaenda shule, akapadirishwa mwaka 1841, akaanza kuwakusanya vijana maskini wa Torino. Mwaka 1846, alipokosa fedha za kuanzia, aliuza vipande kadhaa vya ardhi pamoja na shamba la mizabibu. Mama yake naye akaagiza vitu vyake vya arusi viletwe na kuuzwa.

Margherita aliondoka Becchi kwa miguu tarehe 3 Novemba mwaka huohuo, mavuno yakiwa tayari ghalani, na alipofika Torino alichimba bustani ya mboga kando ya nyumba ya mwanawe. Siku moja vijana wale, wakicheza vita, waliivamia na kuikanyaga yote. Inasimuliwa kwamba mama huyo mtakatifu alimwendea mwanawe kwa uchungu mkubwa, akamwonyesha mboga zilivyolala chini, akasema anarudi kwake Becchi. Don Bosco hakubishana. Alimwelekeza msalaba uliotundikwa ukutani, naye akabaki. Lakini kwa muda ule mfupi, mbele ya mboga zilizokanyagwa, alikuwa amesema kwa sauti ya Antonio.