Kutoka Salamabila hadi Visima vya Songo Songo

Salamabila, mkoani Maniema nchini Kongo, tunaishi juu ya mali tusiyoiona. Dhahabu ya Namoya iko chini ya vilima vinavyozunguka mji, na anayejua uzito wake si yule anayeichimba. Mchimbaji huipeleka kwa mnunuzi; mnunuzi huiweka kwenye mizani, upande wa pili huweka vijiti vya kiberiti, kisha hutaja bei. Mwenye jasho hana la kujibu. Nafundisha fizikia, na jambo hilo limeniuma tangu utotoni. Kwa hiyo binamu yangu, fundi wa vipimo huko Songo Songo, Tanzania, aliponiandikia kwamba kazi yake ni kukaa mbele ya skrini na kujua wakati huohuo gesi iliyo chini ya bahari inafanya nini, niliamua kwenda nikajionee.

Njia yetu ya kwenda pwani ni ileile ya zamani. Pikipiki ilinipeleka Lulimba na Misisi, ikanishusha milima ya Fizi hadi Baraka, na hapo nikaliona Ziwa Tanganyika kwa mara ya kwanza. Boti ya mizigo ikanivusha hadi Kigoma. Enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, misafara iliyotoka Kasongo ilivuka ziwa hilohilo kwenda Ujiji, ikashika njia ya Tabora hadi pwani, na pembe za ndovu na watu waliotekwa. Wengi wa watu wetu hawakurudi. Ujiji wapo wanaojiita Wamanyema hadi leo, na bibi mmoja aliponisikia nikitaja Kasongo alinishika mkono, akataka habari za mto Lualaba ambao hajawahi kuuona. Nilimweleza nilichoweza. Kisha garimoshi la reli ya kati hadi Dar es Salaam, basi la kusini likavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, na Somanga nikapanda mashua.

Songo Songo ni kisiwa kidogo cha Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi. Watu wake wanaishi kwa samaki, pweza na mwani. Kampuni ya Agip ya Italia iligundua gesi hapo mwaka 1974, nayo gesi ikakaa ardhini miaka thelathini kwa kuwa hapakuwa na bomba wala mnunuzi. Julai 2004 ndipo ilipoanza kufika Ubungo, Dar es Salaam, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 ambalo kipande chake cha kwanza, kama kilomita 25, kimelala chini ya bahari. Ikazungusha mitambo ya umeme, na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill nacho kikaitumia kuwashia matanuri yake.

Langoni mwa mtambo wa gesi niliacha simu na kiberiti. Nikapewa kofia ngumu, viatu vyenye chuma, na kifaa kidogo cha kuvaa kifuani ambacho hulia kikinusa gesi. Binamu yangu alinipeleka kwanza kwenye kisima chenyewe. Hakuna shimo la kuchungulia. Ni chuma kilichosimama, vali juu ya vali, ndani ya uzio, na ndani yake gesi inapanda kutoka kwenye miamba ya mchanga ya zama za Kretashia, zaidi ya kilomita moja na nusu chini. Baadhi ya visima viko kisiwani, vingine baharini. Usipoweka mkono kwenye bomba, huwezi kujua kama kinafanya kazi au kimelala.

Chumba cha uongozaji ndicho kilichonishika. Vihisi vilivyofungwa kwenye kichwa cha kisima hupima presha, joto na mtiririko. Mtiririko hupimwa kwa ujanja unaopendeza: bati lenye tundu dogo kuliko bomba huwekwa katikati ya njia, presha ya mbele ya bati inatofautiana na ya nyuma yake, na tofauti hiyo ndiyo hutoa hesabu ya gesi inayopita. Zamani vipimo hivi vilichorwa na kalamu kwenye karatasi ya duara, fundi akaenda kuikusanya kwa zamu, na kosa la jana likaonekana kesho. Sasa namba zinafika kila baada ya sekunde chache.

“Usitazame namba moja, mdogo wangu,” aliniambia. “Tazama zinavyokwenda pamoja.” Presha ya kichwani ikishuka huku mtiririko unapanda, kuna vali iliyofunguliwa. Vikishuka vyote viwili, kitu kimeziba, au kisima kinachoka. Gesi ikienda kasi hubeba matone ya maji hadi juu. Kasi ikipungua kupita kiwango fulani, matone hurudi chini, hukusanyika, na uzito wake hukikaba kisima. Kwenye skrini balaa hilo huanza kama mtikisiko mdogo wa presha, muda mrefu kabla kisima hakijafa. Maji yanayotoka na gesi hupelekwa maabara: yasipokuwa na chumvi, ni mvuke uliopoa njiani, yakiwa na chumvi, maji ya mwambani yameanza kukaribia.

Nikauliza swali la Salamabila: mnajuaje kiasi cha gesi kilichobaki? Akavuta karatasi. Kisima hufungwa, presha ya chini hupanda hadi ikatulia, ndipo husomwa. Husahihishwa kidogo, maana gesi iliyobanwa sana haifuati ile kanuni rahisi ninayofundisha darasani. Kisha alama huwekwa kwenye grafu, mkabala na kiasi chote cha gesi kilichokwishatolewa tangu siku ya kwanza. Miaka ikipita, alama hujipanga kwenye mstari unaoshuka, na pale mstari unapogusa sifuri ndipo palipo jumla ya gesi yote iliyokuwamo. Ni kama tairi usilojua ukubwa wake: toa hewa kiasi unachokijua, tazama presha imeshuka vipi, utajua lilikuwa na hewa kiasi gani. Nilifurahi kupita ninavyoweza kusema. Kitu ambacho hakuna jicho lililowahi kukiona kilikuwa kinapimwa kwa penseli na rula, mbele yangu. Akanionya pia: maji yakisukuma kutoka chini, presha haishuki inavyopasa, mstari unapinda, na asiyekuwa mwangalifu atajihesabia utajiri usiokuwapo.

Kisima chenyewe nacho huugua. Hewa ya kaboni ikikutana na maji ndani ya mrija hufanya asidi, na chuma huliwa. Songo Songo yaliwahi kutokea. Baadhi ya visima vikafungwa, hadi mwaka 2015 mtambo wa kuchimbia ukaletwa baharini kwa matengenezo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mafundi hawa wanaiangalia sana presha ya ile nafasi iliyo kati ya mrija na ukuta wa kisima. Ikipanda bila sababu, kuna tundu mahali. Na kwa kuwa hifadhi ya gesi inapungua nguvu kadiri inavyotumika, kazi ya kuweka kompresa za kuisukuma ilikamilishwa mwaka 2022.

Kilichonigusa kuliko vyote ni mita ya mauzo. Muuzaji anaisoma na mnunuzi anaisoma, nayo huhakikiwa mbele yao wote. Nilipokwenda, PanAfrican Energy ilikuwa inaendesha visima kwa mkataba na TPDC, shirika la taifa, na juu yao yupo msimamizi, PURA, aliyewekwa kwa Sheria ya Petroli ya 2015. Mabishano hayakosekani, lakini kila mmoja anabishana akiwa na namba mkononi. Leseni ya uzalishaji ilitolewa 2001 kwa miaka 25, na jambo lililomshughulisha binamu yangu ni kumbukumbu: yeyote atakayeshika visima baadaye anaweza kununua chuma kipya, lakini presha ya mwaka 2004 hawezi kurudi kuipima.

Haya yanatuhusu nyumbani pia. Julai 2022 serikali yetu ya Kongo ilitangaza zabuni ya vitalu vitatu vya gesi katika Ziwa Kivu: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Methani ya Kivu haiko mwambani. Imeyeyuka katika maji ya kina, pamoja na hewa nyingi ya kaboni. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Cameroon lilitapika hewa hiyo, ikaua watu wapatao 1,700 usiku mmoja, na Kivu ni kubwa mno kuliko Nyos. Wavunaji watavuta maji ya chini na kuyarudisha. Wakiyarudisha mahali pasipofaa, watavuruga matabaka yanayoishikilia hewa hiyo huko chini. Naomba kabla mrija wa kwanza wa kuvuna methani haujateremshwa upande wetu, vipimo vya kila kina viwe vinafika Goma na Bukavu wakati uleule vinapofika kwa mwenye mkataba, na wawepo vijana wa Kongo waliofundishwa kuvisoma. Wangu wa Salamabila wameshaanza na ile grafu.