Majina ya Mwanangu

Kabla hatujafika kwa daktari, mwanangu alishapewa majina mengi. Mwalimu alimwita mtukutu. Jirani alisema tumemdekeza. Bibi yake alinong'ona: mashetani.

Daktari wa kwanza alisema ni usonji. Wa pili akakataa; huyu, alisema, ni tatizo la kukosa umakini na kutotulia. Wa tatu ndiye aliyetufafanulia: hadi 2013, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili haukuruhusu mtoto mmoja aandikiwe yote mawili. Sasa unaruhusu. Mwanangu anayo yote mawili.

Majina ya mwanzo yalieleza anavyotusumbua sisi. Haya yanaeleza kinachomsumbua yeye. Muhula huu amehamishiwa dawati la mbele, mbali na dirisha.